Watahini wa Mkongo

Tulipofika Kibiti, kabla ya kupanda lori la kutupeleka Mkongo, mwalimu wetu alituamuru tuteremshe mabango yote. Tulikuwa wanafunzi wanane wa lishe, mwaka wa pili, na kila mmoja alikuwa na bango alilolichora kwa wiki nzima: maziwa, mayai, nyama, machungwa, kila kundi la chakula na rangi yake. Bango langu lilikuwa na ng'ombe mzuri sana, mwenye kiwele kilichojaa. Mwalimu aliyakusanya, akayafunga kwa kamba ya katani, akamkabidhi mwenye mgahawa tulikokunywa chai.

"Mtayachukua siku ya kurudi," alisema.

"Sasa mama, huko tutafundishia nini?" mmoja wetu aliuliza.

"Nani kasema mnakwenda kufundisha?"

Tulitazamana. Chuoni Dar es Salaam, mafunzo ya vitendo yalijulikana: unakwenda kijijini, unakusanya akina mama chini ya kivuli, unatundika bango, unaonyesha kwa fimbo, wanapiga makofi, unaandika ripoti. Waliotutangulia walifanya hivyo na wakafaulu. Mwalimu huyu alikuwa mgeni chuoni. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa mwambao, na kabla ya kuja kwetu alikuwa amehudumu wodi ya watoto kwa miaka mingi. Njiani, tukiwa juu ya magunia, lori likitutupa huku na huku kwenye mchanga, alitueleza kilichomfikisha hapo.

"Wodini nilikuwa nawaruhusu watoto wamenenepa, mashavu hayo. Baada ya miezi miwili wanarudishwa, mifupa mitupu. Mama nimemfundisha mwenyewe, na kila nilichomwambia anaweza kukisema bila kukosea neno. Nikajiuliza, kama anajua yote haya, mimi nisichokijua ni nini?"

Masharti yake yalikuwa machache. Kila mwanafunzi angekaa nyumbani kwa mama mmoja mwenye mtoto mdogo. Wiki ya kwanza ilikuwa ya kupika, kula na kufuata. Mama akienda shamba, unakwenda. Akila mara moja, nawe unakula mara moja. Ushauri ulikuwa marufuku, hata ukiombwa. Wiki ya pili tungeruhusiwa kuuliza. Wiki ya tatu, kama mama mwenyewe angetaka, tungejaribu naye jambo moja tu. Kisha ungefanyika mtihani, na watahini wangekuwa akina mama hao hao. Tulicheka tuliposikia hilo. Yeye hakucheka.

Mimi ni mzaliwa wa Iringa. Nilikulia kwenye nyumba yenye ng'ombe wa maziwa, na kwetu mtoto akikohoa hupewa maziwa, akilia hupewa maziwa, akikosa usingizi hupewa maziwa. Nalisema hili mapema kwa sababu lina uzito katika yaliyotokea.

Mwenyeji wangu alikuwa mwanamke wa umri usiozidi miaka ishirini na mitano, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde. Mumewe alikuwa delta, kule mto unapoingia baharini, anakata boriti za mikoko, na alirudi nyumbani kwa nadra. Katika nyumba hiyo walikaa yeye, mama mkwe wake ambaye sote tulimwita bibi, na binti yake mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Nilipompima mtoto kwa utepe wa mkono siku ya kwanza, mbele ya mwalimu, utepe ulisimama kwenye rangi ya njano, ile ya hatari, karibu kabisa kufika nyekundu. Nywele zake zilikuwa nyepesi na zimepauka. Lakini kilichonishtua ni ukimya wake. Alikaa pale alipowekwa, akatutazama kama mtu mzima aliyechoka na wageni.

"Huyu mwanachuo wako anajua kupika?" bibi alimuuliza mwalimu.

"Ndiyo maana nimemleta kwako, bibi. Mumwone wenyewe."

Waliniona siku hiyo hiyo. Nilipewa nazi mbili na mbuzi ya kukunia. Kwetu Iringa nazi ilikuwa kitu cha dukani, tena kwa nadra. Nilikuna nikajichana kidole, nikakuna mpaka nikafika kwenye kifuu na kuchanganya machicha na vipande vyeusi. Mwenyeji wangu alicheka hadi akashika mbavu. Bibi akasema jambo kwa Kindengereko, wakacheka zaidi, na sikutafsiriwa.

Kulipopambazuka tulikwenda shamba. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, nao ndege walikuwa wameshajua. Tulitembea bondeni, mahali pengine maji yakitufika magotini, mtoto mgongoni kwa mama yake, kichwani dumu la maji na kibakuli kilichofungwa kwa kitambaa. Katikati ya shamba palikuwa na dungu, kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo ndefu. Tukapanda. Humo ndimo mwenyeji wangu alimokaa tangu asubuhi mpaka jua linapozama, akipiga kelele, akitikisa kamba zenye makopo, akirusha udongo. Ndege wakiruka upande huu wanatua upande ule. Akipumzika kwa muda wa kula, nusu ya mpunga wa jaruba inaondoka.

Mtoto alipewa uji wa mahindi asubuhi kabla ya kutoka. Adhuhuri alipewa ugali wa jana kutoka kwenye kibakuli, baridi, mkavu, na kipande cha kambale wa kukausha. Alimung'unya mara tatu nne, akaacha. Jioni, chakula kilipoiva nyumbani, alikuwa ameshalala. Nami nilikula alivyokula, kwa kuwa ndiyo sharti, na kufika alasiri nilikuwa naona nyota mchana. Siku ya tatu nilijikuta nimekaa kimya dunguni, nimetazama mbele, sina hamu hata ya kujibu nikiulizwa. Mwenyeji wangu akanitazama, akamtazama binti yake, akasema, "Sasa mmekuwa wawili."

Ningekuwa mwerevu, hapo ningejifunza. Lakini niliyaona yale kama mateso ya bure ilhali jibu ninalo.

Siku ya nne mwenyeji wangu alinituma Ikwiriri kununua chumvi na mafuta ya taa. Ilikuwa miaka ya ruksa. Sote tuliikumbuka miaka ya foleni ya sabuni na sukari, na sasa maduka ya Ikwiriri yalikuwa yamefurika mpaka vibarazani: mitumba, redio, biskuti, sahani za plastiki za kila rangi. Katika duka moja, juu ya rafu, yalipangwa makopo ya maziwa ya unga, kila kopo na picha ya mtoto mnene anayecheka. Nilisimama pale nikamfikiria mtoto wangu wa Mkongo. Nikanunua kopo moja kwa posho yangu.

Nilimpa mwenyeji wangu tukiwa peke yetu uani.

"Hii ndiyo dawa yake," nilimwambia. "Vijiko vinne kwa kikombe cha maji yaliyochemka. Mpe kila siku, utaona."

Alilipokea kwa mikono miwili. "Mwalimu wenu si alisema hamruhusiwi?"

"Huu si ushauri. Ni zawadi."

Alinishukuru sana, na nilijisikia vizuri kuliko siku zote nilizokuwa pale.

Kesho yake mwalimu alituchukua kwenda kijiji jirani kusaidia kliniki ya watoto. Tulining'iniza mizani, tukapima, tukajaza kadi. Tulikaa siku tatu. Nilirudi Mkongo alasiri, nina furaha, nikapiga hodi toka mbali. Hakuna aliyeitikia. Nilimkuta mwenyeji wangu barazani, mtoto mapajani. Macho ya mtoto yalikuwa yamezama ndani. Nilivuta ngozi ya tumbo lake kwa vidole, nilipoiachia ikabaki imesimama kama kitambaa.

"Ameanza lini?"

"Tangu jana asubuhi. Anaharisha maji matupu."

"Umempa nini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Maziwa yako."

Alinieleza tukiwa njiani, tunakimbia kwenda zahanati. Aliona vijiko vinne ni vingi, kopo lingeisha upesi, naye hakuwa na uwezo wa kununua jingine. Akaweka kimoja, ili lifike hata mwezi. Alikorogea dunguni kwa maji ya dumu, maana kule hakuna moto. Uji wa asubuhi aliuacha.

"Ulisema ndiyo dawa," alisema. "Nikaona mtu akipata dawa hahitaji uji."

Hakulisema kwa ukali. Ingekuwa nafuu kwangu kama angenigombeza.

Pale zahanati mganga alichanganya maji ya chumvi na sukari, akatupa kikombe na kijiko. Kijiko kimoja, subiri, kijiko kingine. Akitapika, subiri kidogo, anza tena. Tulipokezana, mimi na mama yake. Nilimmwagia shingoni mara kadhaa. Bibi alikuja na kitambaa, akakaa sakafuni, akasoma dua kwa sauti ya chini bila kukatiza. Sikuwahi kuwa na hofu ya namna ile. Nilikuwa nimesoma sura nzima ya kitabu kuhusu maziwa ya kopo na maji machafu. Nilipata alama nzuri katika swali hilo.

Jua lilipokuwa linakaribia kuzama mtoto alikojoa mapajani kwa mama yake. Mganga akasema, "Alhamdulillahi, figo zinafanya kazi." Mwenyeji wangu alicheka huku machozi yanamtoka, akimwonyesha kila mtu khanga yake iliyolowa.

Mwalimu alifika asubuhi iliyofuata. Nilimfuata kabla hajaingia uani, nikamweleza yote, tangu dukani mpaka zahanati. Nilimaliza kwa kusema kwamba nilikuwa tayari kurudi Dar es Salaam siku ile ile.

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la mtandio.

"Umemwambia mama mtoto?" aliuliza.

"Anajua alichompa mtoto."

"Sikukuuliza hilo. Umemwambia kwamba wewe ndiye uliyekosea?"

Sikuwa nimemwambia. Tuliingia. Mwenyeji wangu alikuwa anamnywesha mtoto, bibi anapepeta mchele. Nilipiga magoti nikasema kwamba nilijua hatari ya maziwa yale pasipo maji salama na nikayaleta hivyo hivyo, kwamba nilikatazwa nikakaidi, na kwamba kosa halikuwa lake. Nilisema nikilia, maneno mengine hayakueleweka.

Mwalimu akamgeukia. "Mama, mwanafunzi huyu yuko kwako. Ukisema aondoke, anaondoka na mimi sasa hivi. Wewe ndiye mwenye kauli."

Bibi alikuwa wa kwanza kusema. "Aondoke."

Mwenyeji wangu aliendelea na kijiko chake. Kisha akasema, "Abaki, mama. Akiondoka sasa atakwenda kukosea kwa mwenzangu asiyejua kupiga mbio kama mimi." Akaniangalia. "Lakini kopo lile litoe hapa."

Nililitoa.

Kuanzia siku hiyo nilishika sharti kama mtu anayeshika ukuta gizani. Wiki ya pili ilipoanza, niliogopa hata kuuliza. Mwalimu alikuja kutukagua, akanikuta nakwenda shamba na kurudi, napika na kuosha vyombo, daftari langu halina kitu.

"Umehama kutoka kosa moja kwenda jingine," alisema. "Kuuliza si kushauri. Umeketi naye dunguni siku ngapi? Muulize yeye anaona tatizo ni lipi."

Nikamuuliza, tukiwa juu, kati ya kelele mbili za kufukuza ndege. Alijibu papo hapo, kana kwamba alikuwa amesubiri.

"Tatizo ni huku. Nyumbani angekula mara nne. Nikimwacha kwa bibi, bibi macho yake hayaoni vizuri, moto anauogopa. Nikija naye, chakula kinapoa, naye chakula kilichopoa hakitaki. Mbona hata wewe hukitaki!"

"Na ufuta? Hapa watu wanalima ufuta, sijauona jikoni hata siku moja."

Alicheka. "Siku hizi ufuta hauingii jikoni. Zamani tulikuwa tunatwanga, tunatia kwenye mboga, kwenye uji. Sasa wanunuzi wanaufuata mpaka shambani, na gari. Kilichobaki ni ule uliosazwa kwenye mbegu, bibi kauficha kwenye kibuyu."

Wiki ya tatu alitaka tujaribu, na jambo lenyewe alilichagua yeye. Tungekaanga ule ufuta kidogo, tutwange, tutie kwenye uji wa mtoto pamoja na tui. Hilo nililitegemea. Ambalo sikulitegemea ni pale aliposema ghafla, tukiwa tunatwanga, "Na chupa ya chai je?"

Kabatini, juu ya kitambaa cha kufuma, palikuwa na chupa ya chai yenye maua mekundu. Alipewa siku ya harusi yake. Ilitoka siku ya Idi, au akija mgeni wa heshima, kisha ilirudishwa mahali pake.

"Uji ukikaa mle utafika adhuhuri una moto," alisema. "Na alasiri pia."

Bibi hakukubali kirahisi. Chupa ya wageni kupelekwa matopeni! Ikivunjika? Mkwewe akamwambia, "Mama, mgeni wetu mkubwa ni huyu mtoto. Karibu atuage, tukamshika miguu." Bibi akaenda mwenyewe kuitoa chupa kabatini.

Katika daftari langu niliandika ukurasa mzima kuhusu chupa ile. Sikuisoma katika kitabu chochote, na nisingeifikiria hata ningeishi chuoni miaka kumi, kwa sababu sikuwahi kuitazama. Nilipita mbele ya kabati lile kila siku.

Siku ya kwanza dunguni mtoto alikunywa vikombe viwili, adhuhuri kimoja na alasiri kimoja. Siku ya pili alikataa kabisa, tukakata tamaa. Siku ya tatu akanyoosha mkono kuidai chupa. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anapiga kelele kuwafukuza ndege, akimwiga mama yake, na mama yake aliniambia kuwa hajawahi kumsikia akipaza sauti vile isipokuwa kwa kulia.

Mtihani ulifanyika uwanjani, karibu na kisima. Akina mama wanane waliketi kwenye mkeka mrefu, wamevaa khanga za kutokea, na sisi wanafunzi tukapewa mafiga na sufuria. Kila mmoja alipaswa kumpikia mtoto wa nyumba yake kwa vitu vilivyotoka nyumba hiyo tu, na kwa muda ambao mama wa nyumba hiyo huwa nao asubuhi. Mwalimu alikaa pembeni, akaandika.

Maswali yao hayakufanana na ya chuoni. "Kuni zikiwa mbichi utafanyaje?" "Mtoto akilala kabla chakula hakijaiva, unamwamsha au unamwacha?" "Na kama samaki ni mmoja na baba yuko nyumbani?" Mwenzangu mmoja, aliyekuwa wa kwanza darasani kwetu, alijibu swali hilo la mwisho kwa kutaja kiasi cha protini. Mama mmoja akamuuliza kwa upole, "Baba naye umemwambia hivyo?"

Zamu yangu ilipofika, mama mmoja alisimama. "Huyu si ndiye aliyetaka kumuua mtoto kwa kopo?"

Wote walijua, kijiji chote kilijua. Nilitazama chini. Mwenyeji wangu alijibu akiwa ameketi, kwa ile sauti yake ya bondeni.

"Tulikosea wawili. Yeye hakuniuliza nina maji gani, mimi sikumuuliza kwa nini vinne. Siku hizi anauliza mpaka ananichosha. Mpeni sufuria."

Nilipika. Mtoto alikula nusu kikombe, akaondoka kwenda kucheza na sufuria ya jirani. Watahini walinong'onezana kwa muda mrefu. Mwisho mwenyeji wangu akatangaza: nimefaulu kusikiliza, nimefaulu uji, nazi nirudie mwakani. Uwanja mzima ulicheka, nami nikacheka, na bibi akanipa yai la kuchemsha la njiani.

Tulimpima mtoto kabla ya kuondoka. Mstari kwenye kadi yake ulikuwa umepanda kidogo. Utepe ulikuwa bado kwenye njano. Nilitamani kijani kuliko nilivyotamani cheti, lakini mwalimu alisema wiki tatu hazitoshi, na kwamba nisiandike katika ripoti kitu ambacho utepe haukusema.

Chuoni mambo hayakwenda vizuri. Katika kikao cha walimu, tulivyosikia, ilisemwa kuwa haiwezekani wanawake wasiomaliza darasa la saba kutahini wanafunzi wa chuo. Alama zao hazikuhesabiwa. Tukapewa mtihani mwingine, wa maandishi, ukumbini. Waliotufuata walirudi kwenye mabango, na mwalimu wetu alihamishiwa kazi ya ofisini. Nilikwenda kumuaga. Alikuwa anafungua barua kwa kisu cha mezani, moja baada ya nyingine.

"Usisikitike," aliniambia. "Mmetoka wanane. Wanane si wachache."

Miaka kadhaa baadaye nilipewa na mimi wanafunzi, hospitali moja ya mkoa. Sikuwa na kijiji cha kuwapeleka, wala gari. Nilianza na jiko la nyuma ya wodi, pale wanapopikia ndugu wa wagonjwa. Niliwaambia wanafunzi wangu wakae pale siku tano, wachochee moto, wabebe maji, wasishauri mtu. Walinung'unika. Mmoja aliniuliza kama hiyo ni adhabu.

Mwaka huo huo safari ya kikazi ilinipitisha Ikwiriri, nikaomba siku moja ya kwenda Mkongo. Bibi alikuwa ameshafariki. Mume alikuwa amerudi kutoka delta na kuezeka nyumba upya. Mwenyeji wangu alinitambua kabla sijafika uani, akaniita kwa ile sauti, akanikumbatia huku mikono yake imejaa unga.

Binti alikuwa amevaa sare ya shule, shati jeupe limeingia doa la embe. Alisimama nyuma ya mlango akinichungulia.

"Njoo umwamkie," mama yake alimwambia. "Huyu alikuwa mwanafunzi wangu."

Mtoto akatoka, akanitazama kuanzia miguuni mpaka kichwani. "Shikamoo," alisema, kisha akamgeukia mama yake kuuliza kama anaruhusiwa kwenda kucheza kabla ya chakula. Aliruhusiwa. Alitoka mbio, na kwa muda mrefu tulimsikia huko nje, sauti yake juu ya sauti za wenzake wote.